Uso Wako Ukutani

Changamwe, 6 Oktoba 1944

Mdogo wangu Ngowa,

Huku hatujambo. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Fundi Mwidani, aliyenifundisha kuchora matangazo, alisema ukitaka watu waliamini tangazo, chora mtu umpendaye. Ndiyo maana lile la kuita vijana jeshini nililitia uso wako. Sikudhani litakuita na wewe.

Miezi minane hujaandika. Kila asubuhi Mama hupita pale ukutani akakusalimia.

Jana niliamriwa nikupake chokaa, nichore sabuni. Leo nimesimama mbele yako na brashi, nikarudi nyumbani. Naogopa kukufuta kabla sijajua kama u hai.

Kesho watamtuma mtu asiyekujua. Andika, hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Thoya