Kutu ya Siki

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo hapa Houston, mama yuko zamuni hospitalini. Cheka tu huko Dallas: nina miaka kumi na saba, lakini kwa ukoo mimi ni babu yako.

Umeuliza, "Babu, mbona huzitii kutu kofia za chuma unazofua, zifanane na zile za mashujaa wa kale wa Ulaya?"

Niliwahi. Mwaka jana niliipaka moja siki na chumvi, nikaipeleka Sugar Land kwa mkaguzi wa vitu vya kale.

"Hii ya kale kweli!" akasema. Nikavimba kichwa.

Kisha mama mmoja akatoa kofia ya marehemu baba yake, iliyopakwa mafuta miaka yote. Mkaguzi akaiweka kando ya yangu.

"Yako haina kutu kama hii, mama. Ni bandia."

"Baba yangu hakuwa mwongo!"

Ndani ya kofia ya yule mama niliona makovu ya nyundo ya zamani. Ilikuwa ya kweli. Ningeweza kusema tu, "Hiyo yenye kutu nimeitengeneza mimi." Haya ikanifunga mdomo.

Mama yule akaifunga kofia yake kwa taulo, akaondoka. Mkaguzi yule ananiudhi mpaka leo, lakini yeye alikosea tu. Mimi nilijua.

Babu yako,
Idi