Baruti Nimeimwaga Kwenye Mawaridi

Verl,

Maharage na nyama yako kwenye friji, pasha mwenyewe. Mbwa keshakula. Dawa yako ya presha iko dirishani.

Asubuhi mwanetu Kirby alikuonyesha kopo jekundu, akasema baruti ya humo ina chembe za aina mbili. Ukamwita mpumbavu mbele ya mkewe. Ukasema kachanganya yeye, na mtu kama yeye hafai kugusa kijiko, sembuse mizani yako. Kirby akaacha mayai, akaondoka. Wewe ukaongeza kahawa.

Nikashuka chini kufagia karakana yako, nikafungua daftari unamoandika kila unapojaza baruti kwenye risasi zako. Jumanne ulitumia baruti ya kopo jeusi, kisha ukaandika: “Iliyobaki nimeirudisha kwenye jekundu.” Mwandiko ni wako. Jumanne Kirby alikuwa kazini mjini Gillette.

Unapima baruti kama sonara apimavyo dhahabu, ila mdomo wako hujaupima hata siku moja.

Sheria ni yako: baruti isiyojulikana haibaki nyumbani. Nimeimwaga yote kwenye mawaridi, wanasema ni mbolea. Angalau kitu chako kimoja kitachanua hapa.

Jana ulijaza risasi ishirini za ile bunduki yako kubwa kutoka kopo hilohilo jekundu. Ziko kwenye boksi la mashindano ya Jumamosi. ~~Kazipige tu.~~ Usizipige, zitakulipukia usoni. Hilo ndilo mwanao alilokuja kukwambia.

Niko kwake. Usinifuate.

~~Mkeo~~
Mama Kirby