Konrodi Mbili Zisizo Ndugu

Jumamosi, 2 Agosti

Kinyaa kitupu! Nimenawa mikono mara nne kwa sabuni ya unga na bado nanuka.

Leo tumemfungua Shangazi. Ndilo jina la gari la kaka yangu, tangu zamani, kwa sababu kila asubuhi lilinung'unika kwanza ndipo likakubali kwenda. Miaka kumi na miwili amelala chini ya turubai. Panya wamezaa ndani ya kabureta! Mafuta yameganda kama lami iliyotapikwa. Nilipolegeza sampu, lile karai la mafuta chini ya injini, yakanishukia hadi kwapani. Mimi! Mtu niliyewahi kushusha injini ya lori peke yangu kwa spana mbili na mnyororo wa mbwa. Waliokuwepo wanajua.

Karakana ni ya binti wa kaka. Anachonga vyuma, ana mashine tatu, wateja foleni. Ananiita baba mdogo halafu ananituma kama mtumwa. Daftari hili kanipa niandike vipimo. Vipimo nimevijaza ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizobaki ni zangu.

Shauri lenyewe ni hili. Binti anataka baba yake aache ulinzi wa ghala, aje kuwa fundi mkuu hapa. Mwaka mzima kaka anakataa. Juzi kalainika: nikimfunga Shangazi kwa mikono yangu akawaka, nakuja, nikishindwa, msiniulize tena. Na mkataba wa ghala unaisha Jumanne, tarehe 12. Ama anatia saini upya ama anaaga.

Siku kumi. Nimewaambia mimi ningemaliza kwa tatu, tena mkono mmoja mfukoni.

Jumapili, 3 Agosti

Tumetoa pistoni. Mbili vichwa vyake bapa. Mbili zina kibakuli katikati, na za injini moja hufanana zote.

Sahani ya mchana nimeirudisha ilivyokuja.

Jumatatu, 4 Agosti

Binti kaleta mizani ndogo, ile ya kupimia vitu vya thamani, akazipanga konrodi mezani kama anapanga vijiko. Konrodi ni ule mkono wa chuma unaoishika pistoni na kuiunga na kranki, mhimili unaozunguka chini. Ziko nne. Mbili zina uzito mmoja. Mbili zimezidi kwa gramu arobaini na mbili.

"Hizi si ndugu," alisema. "Hizi mbili za katikati zimetoka kwenye injini kubwa."

Halafu akaja kwenye kofia. Kila konrodi ina kofia yake ya chini. Zinachongwa pamoja tundu moja, zinagongwa namba moja, hazitengani hadi kufa. Hizi mbili kofia zimebadilishana! Akaingiza kipimo chake cha maikromita, akanionyesha. Tundu si duara. Ni yai.

Nikatema mate. Nikapayuka kuliko wote — mchinjaji gani huyu! Huyu si fundi, ni fisi aliyepewa spana! Aliyefanya hivi akatwe vidole, abakishiwe cha kuombea msamaha!

Binti alicheka. Kaka hakucheka. Alichukua kofia moja, akaisogeza karibu na jicho, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Injini hii niliifunga mimi," akasema. "Hakuna mwingine aliyeigusa."

Puu!

Jumatano, 6 Agosti

Jana sikuandika. Leo naandika, maana nisipoandika nitapasuka.

Fisi ni mimi.

Mwaka ule, kaka akiwa bado na gereji yake, alikwenda ukweni, majuma matatu, akaniachia funguo. Alisema, mdogo wangu, mwashe tu kila asubuhi dakika tano, usimtoe nje. Nikamtoa. Kulikuwa na lori limezama kwenye tope nyuma ya stendi, watu wamesimama wanalitazama, na mdomo wangu huu — huu huu — ukasema Shangazi analivuta. Watu wakacheka. Nikaleta kamba.

Alilivuta! Hatua mbili. Naapa, mbili. Kisha nikasikia ko-ko-ko tumboni mwa injini, nikajua nimeua.

Nikaifungua mwenyewe. Konrodi mbili za katikati zimepinda kama vidole vya bibi kizee. Nikaenda kwa mzee wa vyuma chakavu, nikamwekea iliyopinda mbele yake. Akachakura kwenye pipa, akatoa mbili na pistoni zake. "Hizi hapa, baba yao mmoja." Nilizifunga kwa siku nne, kwa kukumbuka tu nilivyomwona kaka akifanya. Zile kofia niliziosha pamoja kwenye karai moja. Ipi ya ipi, nani ajuaye? Nikaweka iliyoingia.

Akawaka! Akawaka mara ya pili ya kulipiga starta! Ndiyo kazi kubwa kuliko zote niliyowahi kuifanya maishani, na ndiyo pekee ambayo sikuweza kumwambia mtu. Ile ya mnyororo wa mbwa? Tulikuwa watu sita. Mimi nilishika taa.

Miezi minane akaenda vizuri. Kisha kaka akampakia mtu aliyetaka kumpa magari kumi na mawili ya kampuni ayatunze, akamchukua mlimani kumwonyesha injini aliyoifunga mwenyewe inavyopanda. Katikati ya mlima injini ikagonga, ikakaza. Yule mtu akashuka, akarudi kwa miguu. Kaka akafunga gereji kabla ya mwezi kuisha. Tangu hapo analinda magunia.

Na mimi nikaifanya hadithi. Kaka na Mlima! Miaka kumi na miwili naisimulia kwenye kila mkusanyiko, na sauti ya injini naiigiza kwa mdomo, watu wanashika mbavu. Kaka mwenyewe anakuwepo. Anatabasamu, anatazama sahani.

Nimejaribu kusoma upya nilichoandika. Nimeshindwa kufika chini.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaka kaja kachelewa. Kakaa kwenye kigoda, hakugusa kitu. Kasema amefikiri. Kasema pengine macho yalikuwa yameshaanza kumdanganya zamani zile na yeye hakujua. Au ni kichwa. Kasema yule bwana wa magari kumi na mawili alifanya la maana kushuka.

"Baba, wewe huwezi kuchanganya kofia," binti kasema. "Ulinipiga kofi nikiwa na miaka tisa kwa kuchanganya nati!"

"Vyuma havina sababu ya kunisingizia, mama."

Binti akanigeukia mimi. "Baba mdogo, wewe hukuwa mbali naye. Nani mwingine aliingia gereji ile?"

Nikasema labda wezi.

Wezi! Wezi wanaoingia kuweka konrodi badala ya kuiba! Hata yeye alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyochacha. Uongo nimeuzoea, lakini huu hata kwa ufundi ulikuwa mchafu. Nimetoka nje nikajifanya natafuta tambara.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema.

Asubuhi konrodi mpya zilifika. Si mpya, ni za injini ndogo nyingine iliyokufa zenyewe zikiwa nzima, zote nne mama mmoja, namba zinasomana juu na chini. Binti kazipima, kacheka peke yake kwa furaha. Kamwekea baba yake mezani na spana ya kupimia mkazo. Kaka kaitazama ile spana, kaisukuma kwangu.

"Funga wewe, mdogo wangu. Mikono yako haina deni na gari hili."

Hapo nikavunjika. Nikasema, kaka, ni mimi. Nikasema yote — funguo, tope, lori, kamba, hatua mbili, mzee wa vyuma chakavu, pipa, karai. Sijawahi kusimulia kitu vibaya hivyo, maneno yanagongana mlangoni.

Nilipomaliza, binti alimtazama baba yake, akanitazama mimi.

Kisha akaangua kicheko! "Baba mdogo jamani! Shangazi kuvuta lori?"

"Hatua mbili," nikasema.

"Na wewe ukafungua injini, ukaifunga, peke yako, siku nne?"

"Siku nne."

"Ikawaka mara ya ngapi?"

"Ya pili," nikasema, na niliposikia sauti yangu ikisema ya pili nilijua nimekwisha. Ndiyo sauti ileile ya mnyororo wa mbwa. Ukweli wangu umezaliwa na sura ya uongo wangu, nani atautofautisha?

Kaka alisimama. Goti lake moja ni bovu, hutembelea fimbo, lakini alisimama hivyohivyo. Akanishika bega. Macho yana maji.

"Umewahi kunidanganya mara nyingi," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza uliyonidanganya kwa ajili yangu. Asante sana, mdogo wangu."

Nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la mama! Akasema, basi, mama umwache apumzike.

Binti akanibusu mkono. Mkono huu. Nimeusugua kwa mafuta ya taa hadi ngozi imetoka na bado nausikia mdomo wake. Tangu nizaliwe sijasifiwa kitu nikakitapika. Leo nimetapika, nyuma ya karakana, kwa haki na kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kumtafuta mzee wa vyuma chakavu. Yeye ndiye shahidi. Nikimpata nitamleta hata kwa kumbeba.

Pale pamekuwa mahali pa kuoshea magari. Povu kila upande. Mwanawe ndiye anayeosha. Kaniambia mzee alifariki mwaka wa tatu sasa. Nikamuuliza kama aliwahi kumtaja mtu aliyenunua konrodi mbili na pistoni mbili, karibu miaka kumi na mitatu iliyopita. Kanitazama kisha kaniuliza kama nataka kuoshewa au vipi.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. Kasema hii ni nzuri, lakini lile lori ungelifanya trekta, lori limezidi. Nikamwambia mama watoto, ni kweli! Kasema ndiyo, na ile hadithi yako ya fisi aliyekuomba njia ni kweli pia.

Kumbe ndivyo nilivyo. Duka limejaa, hakuna kinachonunulika.

Jumatatu, 11 Agosti

Karakana, saa nne asubuhi. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya bloku ya injini.

Bloku imesafishwa, inang'aa hadi inaudhi. Kranki imelala mahali pake. Pistoni nne nimezishusha, hadi hapo mtu yeyote anaweza. Binti kaenda kuchukua mafuta mapya. Kaka yuko mlangoni kwenye kigoda, amenipa mgongo. Karatasi ya ghala iko mfukoni mwa shati lake, nimeiona ncha yake. Kesho anatia saini. Amekuja tu kusikia nikifunga. Anasema anapenda mlio wa spana ikifika mkazo wake.

Kofia ya kwanza nimeiweka. Ya pili nimeishika mkononi dakika ishirini sasa.

Ina alama ndogo ubavuni, na konrodi ina alama yake. Zikae upande mmoja au zitazamane? Na nati zinakazwa moja hadi mwisho, au kidogo huku kidogo kule? Kwa mkazo gani? Sijui! Mwaka ule sikujua na leo sijui. Miaka yote hii nimeeleza mamia ya watu jinsi ya kufunga injini na sikuwahi kujua kofia inatazama wapi.

Naweza kubahatisha. Mdomo wangu umeshaanza kunishauri — weka, kaza, atawaka tu, wewe mwamba wewe. Nimeusikia vizuri sana. Unanuka.

Halafu nimewaza. Hadithi zangu zote mimi najua. Hakuna hata moja ambayo ndani yake mimi sijui. Kaka hajawahi kusikia neno hilo kinywani mwangu tangu tulale kitanda kimoja.

Nimeita. "Kaka."

Hakugeuka. "Eeh."

"Kaka, hii kofia sijui inatazama wapi."

Mgongo wake ukanyooka.

"Rudia," akasema.

"Sijui. Sijawahi kujua. Mwaka ule niliweka iliyoingia."

Sasa amegeuka na kigoda chake, chote, miguu ya kigoda imekwaruza sakafu. Hanitazami usoni. Ananitazama mikono. Ananitazama nilivyoishika hii kofia, vidole gumba juu kama mtu aliyeshika mkate. Anatazama tu, na kitu usoni kwake kinabadilika polepole, sijui kinaelekea kwenye nini. Sijawahi kukiona, ila si kile cha kusikiliza hadithi zangu.

Ameinuka. Ameacha fimbo mlangoni. Anakuja huku akishika meza, kisha mashine, kisha ukingo wa bloku, na mkono wa pili ameunyoosha mbele, kiganja wazi, na sijui kama anataka kofia au anataka kunizaba kofi.