Simulizi za wazee wa Lionja zimefutika

Teofili, nimefuta simulizi zote za wazee wa Lionja nilizozirekodi. Zote.

Nilitaka kuigawa upya diski ya ile kompyuta kuukuu ili niweke mfumo wa Linux. Nakala nilifanya kwanza, kama kitabu kilivyoagiza. Niliiweka kwenye D, mbali na C.

Kisha nikafuta sehemu zote, na D ikiwemo.

Nimempelekea fundi Rogath hapa Nachingwea. Akasema, "Babu, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Umeibomoa, ukajenga nyingine juu yake."

Vyumba viwili. Mimi niliyewafundisha wenzangu kompyuta parokiani.

Linux imeingia vizuri. Nimekaa tu naitazama.

Wengine nitawafuata wasimulie upya. Baba yako tulimzika Juni. Nimeona uisikie kwangu mimi.