Kuku wa Mama Atupele na Rimu ya Kanisa

Isongole, Jumapili jioni

Na kosa si la kuku. Kosa ni la Mama Atupele, mke wangu, ingawa leo sina uso wa kumwambia.

Mimi hugonga rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa, kuwaita watu kwenye sala ya jioni. Yeye huwamwagia kuku mahindi saa hiyohiyo. Zamani kuku hawakuijali rimu hata kidogo. Siku hizi nikigonga tu, hata mahindi hayajatoka ndani, wanakuja mbio midomo wazi. Jumapili iliyopita waliingia kanisani, jogoo akapanda meza ya Bwana, wazee wakacheka katikati ya Zaburi.

Nikaona dawa ni moja. Wiki nzima nimegonga asubuhi, mchana na jioni, bila mahindi. Kuku wafike, wakute patupu, warudi. Kweli, kufikia jana hakuna aliyeinua hata shingo. Nikalala nikijisifu.

Leo Mchungaji amekuja kutukagua. Nikagonga. Hakuja kuku hata mmoja.

Wala mtu. Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Kumbe wiki nzima watu nao walikuwa wakiacha majembe, wakidhani kuna msiba, wakaniona kwa mbali nikiwa na kuku tu, wakarudi shamba wakinung'unika.

Mchungaji aliketi peke yake benchi la mbele. Mama Atupele akaninong'oneza mlangoni: "Baba Atupele, kuku nitawarudisha kwa mahindi. Wakristo utawamwagia nini?"