Swali la Hakimu Juu ya Baba

Temeke

Kaka Mbwana, shikamoo.

Sie huku wazima. Mama anakusalimu, goti limepoa kidogo. Mpera umezaa, ila ndege wanatumalizia.

Mirathi imefika mahakamani. Hakimu kauliza kama baba aliishi Kiislamu au kimila. Kwa sheria ya Kiislamu, mie na mama tuna mafungu yetu kwenye nyumba. Kwa mila, nyumba yako peke yako. Baba mdogo Mwinjuma kaapa baba aliishi kimila, eti alikuwaga anatambika. Na ndiye huyohuyo aliyemwosha, akamvika sanda, akamsomea talkini kaburini!

Nilitaka kucheka. Kisha akasema hata wewe umemwambia hivyohivyo kwa simu.

Kaka, Alhamdu ulifundishwa na nani?

Mdogo wako,
Hamisa