Lilipozima Gari la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Huku tu wazima, presha ya Mama imetulia, na paka wako amenenepa mpaka mlangoni anapita kwa ubavu. Wewe je, kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha? Usikidharau, tafadhali. Vumbi la kiwandani halina huruma.

Najua unachosubiri ni habari za gari. Nitakueleza, ila usinirukie kabla sijafika mwisho.

Jumamosi asubuhi nilianza safari ya kulipeleka kwa yule mwenye hoteli uliyekubaliana naye kumuuzia, kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimeliosha tangu alfajiri, nikang'arisha hata zile bampa ambazo marehemu Baba alikuwa akizifuta kwa fulana zake kuukuu. Nilipowasha, Mama akatoka amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba mkononi, akasema atanisindikiza. Nikadhani anataka kuliaga tu. Njiani, kwa kuchangamsha maongezi, nikamwambia kwamba mwenye hoteli atang'oa injini, aliegeshe langoni na kupanda maua ndani ya boneti. Mama akaukumbatia mkoba wake.

Tulipoingia kwenye mzunguko wa barabara mbele ya benki, injini ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilikata ghafla kama mtu aliyeghairi neno. Nikazungusha ufunguo mpaka kidole kikauma, starta inalia, injini haishiki. Nyuma yetu gari la mikate likapiga honi, na mengine yakaitikia. Jasho lilinitoka, Kaka, nisikufiche. Dereva wa mikate akashuka, akafungua boneti bila kuombwa, akatangaza kwamba pampu ya mafuta imekufa na kwamba hilo si gari tena, ni vyuma chakavu.

Hapo Mama akashuka. Akamwambia dereva, "Sogea kidogo, mwanangu, ukipenda." Akafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa umeme wa kuwasha injini, akachungulia, akaniagiza tupa ya kucha iliyokuwa mkobani mwake. Akasugua zile pointi mbili ndogo zilizoungua, akachana kipande cha kiboksi cha dawa zake, akapimia nafasi iliyo kati ya pointi hizo, akafunika. Kisha akaingia yeye kwenye usukani, mimi nikabaki barabarani kama kigingi. Injini ikashika mara moja. Dereva wa mikate akaifunga boneti taratibu. Alimletea Mama mkate mzima, akamwita fundi. Kweli ng'ombe hazeeki maini.

Mama hakuelekea hotelini. Aliendesha mpaka nyuma ya maktaba, akaegesha kinyumenyume kwa mkono mmoja, tukala ule mkate mkavu. Ndipo akasema, "Gari hili halikuwa la baba yenu. Nililinunua mimi, nilipokuwa karani wa duka la vipuri. Baba yenu alilikuta."

Alilinunua likiwa limegongwa, akalifufua jioni baada ya jioni pamoja na mafundi wa pale dukani. Baba hakujua kuendesha. Mama ndiye aliyemfundisha, kwenye uwanja wa shule. Walipooana, watu wakamcheka Baba kwamba anabebwa na mkewe. Basi Mama akahamia kiti cha pembeni, akakaa hapo miaka thelathini na minne. Unakumbuka Baba alivyokuwa kila asubuhi akimwekea Mama ufunguo kiganjani, naye anamrudishia, sisi tukidhani ni michezo yao? Kumbe alikuwa anaazima. Na sisi tulipopanga kuliuza, Mama alinyamaza kwa sababu hakutaka kumpunguza Baba machoni petu.

Sasa naungama la kwangu. Mwenye hoteli nimeshamwambia hapana, bila kukuuliza. Nilimpigia simu papo hapo, mkate ukiwa mdomoni. Ulikuwa umempa neno lako na mimi nimelivunja. Ukikasirika una haki. Lakini ungemwona Mama, Kaka. Tangu Jumamosi haonekani nyumbani. Amempeleka Shangazi kliniki mara mbili, na Shangazi mwenyewe haumwi kitu.

Majirani wanakusalimu, na Shangazi zaidi ya wote. Mama anasema ukija likizo usikodi teksi, atakufuata stendi mwenyewe. Ila uje na mzigo mdogo, maana utakaa nyuma. Kiti cha mbele anacho Shangazi, na hashuki.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba